Kamwene, Kochi

Alhamisi, 3 Julai 2025

Baridi ya Makambako leo si ya kawaida. Maji ya bomba yanang'ata vidole. Na mimi kazi yangu, kufua makochi ya watu, ni maji! Lakini nimerudi nyumbani naimba, kwa sababu kochi la Mama Oktavia kule Lyamkena limetakata mpaka rangi yake imeonekana. Kumbe ni la kijani! Miaka yote watu wanakaa pale wakidhani ni kahawia.

Nililisalimia kwanza kwa kamwene, salamu yetu ya huku, kama kawaida. Sijawahi kuandika humu salamu hii ilivyoanza. Ni baada ya Pasaka, mteja mmoja aliposema nimemvunjia mguu wa kochi — mguu uliofungwa waya tangu sijazaliwa! Nililipa. Nililia pia. Nikaanza kupiga picha kabla ya kazi, ikawa balaa. Watu wananuna. Mama mmoja akaniuliza kama nataka kupeleka umaskini wake mtandaoni. Basi siku moja, kwa hasira tu, nikaliambia kochi kwa sauti: "Kamwene, wewe uliyechanika mgongoni! Kamwene, wewe mwenye doa la chai!" Mwenye nyumba akacheka mpaka akashika ukuta, akaitikia yeye, "Kamwene!" Nikajua nimepata dawa. Sasa kila kasoro naisalimia, mwenye mali anaitikia kwa niaba yake, ndipo nawasha mashine. Hakuna anayenuna. Na tangu hapo hakuna aliyenisingizia.

Leo Mama Oktavia alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, kwa hiyo aliyeitikia ni mume wake, Mzee Alfonsi, mstaafu wa reli. Mpole mno. Nilipogeuza mto wa kati nikakuta tundu la kuungua, duara kama kizibo cha soda. "Kamwene, wewe uliyeungua!" Mzee akakohoa tu. Nikarudia. Akasema kwa sauti ya chini, kamwene, kamwene, endelea mwanangu. Nikalisalimia na doa la chai pembeni yake, nikaendelea. Nilipomaliza nikaurudisha mto tundu likiwa juu, maana mimi sifichi kitu kwenye mali ya mtu.

Jumamosi, 5 Julai 2025

JAMANI! Sista Bertila kanipigia simu kutoka Njombe! Wana nyumba ya wageni pale misheni na mwezi huu wana jubilei. Anataka nifue makochi yote, mazulia yote, na viti vya ukumbini. Yote! Nikifanya vizuri, kila msimu wataniita mimi. Kasema sifa zangu kazipata kwa Mama Oktavia, waliimba kwaya moja zamani.

Niliruka nikagonga kichwa kwenye mlango. Edson, binamu yangu anayenibebea mashine kwenye bajaji yake, amesema ataipaka bajaji rangi mpya tusiaibike mbele ya masista. Nikamwambia aanze kwa kuiosha. Nikiipata kazi hii nakodi chumba cha kukaushia, niache kuanika mito ya watu humu ninamolala. Jana nimeamka nimekumbatia mto wa mwenyekiti wa mtaa.

Jumapili, 6 Julai 2025

Sina hamu ya kula.

Baada ya misa, hapo nje ya kanisa, watu wamejaa, Mama Oktavia akaniita. Wewe binti, umeniunguzia kochi! Eti jana jioni kageuza mto wa kati, kakuta mashine yangu ya kukaushia imeutoboa. Nimnunulie kochi jipya, la sivyo hakuna mama wa kwaya atakayenifungulia mlango tena. Nikamwambia mashine yangu inatoa upepo wa baridi tu, baridi ya Iwawa kule milimani kabisa, haiwezi kuunguza hata karatasi. Wengine wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikasema, lile tundu nililikuta, nikalisalimia, na Mzee Alfonsi akaitikia. Watu wote wakamgeukia mzee. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu.

Viatu vyake havina kamba.

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sista Bertila kapiga tena. Kwa upole, na upole wenyewe ndio unaouma. Tusubiri kidogo, mambo ya Lyamkena yatulie, Mama Mkuu hapendi maneno kwenye jubilei. Nikasema sawa, Sista. Nikakata simu nikapiga teke ndoo.

Edson ameshanunua rangi. Ya manjano.

Jumanne, 8 Julai 2025

Nimecheka leo mpaka mbavu zinauma, na sikutakiwa kucheka.

Mzee Alfonsi kaja asubuhi, koti hadi shingoni, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, kabeba debe la viazi. Hata shikamoo yangu hakuingoja. Akaangalia nje kwanza, akafunga mlango. Kisha akasema yote. Siku moja mama yuko kwaya, kwenye televisheni kuna mpira, baridi inamtafuna. Akaingiza jiko la mkaa sebuleni. Jiko la mkaa! Mama Oktavia alishalipiga marufuku lisivuke kizingiti, na nyumba nzima inajua. Tena si kuota moto tu, alikuwa anachoma viazi. Timu yake ikafunga goli, mzee akarusha mikono, koleo mkononi, kaa likaruka nalo likatua kwenye mto wa kati. Akalizima kwa chai. Akaugeuza mto, na Alhamisi nilipoondoka akaugeuza tena. Akanyamaza.

"Doa la chai nililolisalimia pembeni ya tundu?"

"Ndilo hilo, mwanangu."

Halafu ombi lake. Niseme ni mashine yangu. Kitambaa atalipa yeye, kimyakimya. Mama atanikasirikia wiki moja, kisha atanisamehe, kwa sababu mimi ni mtoto wa watu. Yeye hatasamehewa. Ataambiwa habari ya kaa lile mpaka siku ya mazishi yake, na kwenye mazishi yenyewe itasomwa kwenye wasifu wa marehemu.

Hapo ndipo nilipocheka. Naye akacheka, maskini, huku machozi yanamlenga.

Nampenda yule mzee, na kidogo nikubali. Lakini nikisema niliunguza kochi moja, nitakuwa nimeunguza kila kochi nitakalogusa kuanzia leo, na la masista la kwanza. Nikamwambia: Mzee wangu, siwezi. Salamu uliitikia wewe. Siendi kumwambia mama, sema mwenyewe. Akainuka taratibu, akasema na viazi basi niviache? Nikasema viache.

Nimechemsha vitano. Vya unga, vinapasuka vyenyewe!

Ijumaa, 11 Julai 2025

Siku tatu mzee hajasema kitu. Nimechoka kungoja. Leo nimekwenda mwenyewe kwa Mama Oktavia, nikapiga goti, nikasema: Mama, kesho naomba nije nilisalimie kochi upya, mbele ya yeyote unayemtaka. Wote waliokuwepo siku ile wawepo. Aliyeitikia akikana, nanunua kochi.

Mama akasema vizuri, kesho Sista Bertila anapita Makambako akitoka safari, atakuwa shahidi. Mzee alikuwa mlangoni. Kikombe kikagonga sahani yake.

Edson anasema nimejitia kitanzi. Labda. Roho inadunda, lakini mdomo wenyewe unacheka. Sijui nina nini!

Jumamosi, 12 Julai 2025

Naandika nikiwa kwenye ngazi za nyumba ya Mama Oktavia, kwenye jua, maana tumetolewa nje wote: mimi, Edson na Sista Bertila. Nisipoandika sasa hivi nitapasuka.

Nilianza vizuri. Kamwene, wewe mguu uliolegea! Mama Oktavia akaitikia, midomo imebana. Kamwene, wewe zipu iliyokatika! Kamwene, wewe kidoti cha wino! Sista naye akaanza kuitikia, hata hakuambiwa. Nikaufikia mto wa kati. Nikavuta pumzi. Kabla sijafungua mdomo Mzee Alfonsi akasimama, akavua kofia.

"Huyo nitamsalimia mwenyewe."

Akaushika mto kwa mikono miwili. Akasema, kamwene, wewe niliyekuunguza kwa kaa la moto nikichoma viazi. Na doa lililokuwa hapo ni la chai yangu. Huyu binti hana kosa.

Edson akaacha kutafuna.

Mama Oktavia akasema kwa sauti ndogo, ambayo ndiyo ya hatari, tumpishe kidogo na mume wake. Mlango ukafungwa. Sista Bertila ana rozari mkononi lakini hasali, anasikiliza. Edson ameegemea dirisha eti anaangalia maua. Nikamuuliza Sista, na viti vyetu vya Njombe? Akaweka kidole mdomoni, ninyamaze.

Ndani bado kimya. Mzee wangu, naomba uwe hai.

Sasa sauti! Mama Oktavia, ile sauti yake ya kwaya: "Kamwene, Alfonsi! Kamwene, wewe mwenye masikio yasiyosikia!" Na mzee anaitikia, kwa unyonge, "Kamwene." "Kamwene, wewe unayekoroma mpaka kuku wanaamka!" "Kamwene." Anamsalimia kasoro moja moja! Ametoka masikioni, sasa yuko tumboni. Sista amejifunika uso kwa shela, mabega yanaruka. Kumbe na ndani wanacheka! Wote wawili. Mzee anacheka kwa kikohozi kilekile.

Nyayo zinakuja. Edson ametoka dirishani mbio. Mlango unafunguka — Mama Oktavia, macho mekundu, mto wa kati kwapani. Hamwangalii Sista. Ananiangalia mimi, kutoka kichwani hadi miguuni, polepole, kama mimi ninavyoliangalia kochi la mtu.

"Kamwene, Telesia," anasema. "Kamwene, wewe usiyeficha kasoro ya mtu hata akikubembeleza!" Naitikia, "Kamwene!", na Sista ananiuliza nitafika Njombe lini.