Hatua Mia za Mwisho

Baba,

Ukirudi kutoka kwa kinyozi, mahamri yamo kwenye hotipoti, mbaazi ziko sufuriani. Dawa ya presha meza ukishakula, si kabla.

~~Naenda Kaloleni peke yangu kulitafuta kaburi la mama.~~ Hapana, hiyo nimeikata.

Asubuhi ulinicheka: kidude cha ofisini cha kuonyesha mahali hakijui hata kilipo, kitajuaje shamba letu? Uliniudhi, chai nikaiacha. Lakini chini ya mabati hakizioni setilaiti, baba. Nilikitoa uani, baada ya dakika kumi kikatupata.

Najua si kidude ulichokuwa ukikicheka. Tangu mwaka jana, ulipokuta ule mkwaju uliokuwa alama ya kaburi umekatwa, ukazunguka kutwa bila kuliona, hutaki hata kutajiwa shamba.

Namba za mahali lilipo shamba nimezitoa kwenye ramani ya ofisi. Ila kidude hiki hukosea hata hatua mia. Kitatufikisha shambani, basi. Aliyemzika mama ni wewe.

Vaa vile viatu vya kamba, kuna miba. Nakungoja Makupa, zinapopakia gari za Kaloleni, hadi saa nne. Nitatangulia mimi na kidude changu. Hatua mia za mwisho utatangulia wewe.

Kifungua mimba wako,
Dama