Jino la Chonge Limerudi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekuacha ulale, na kikohozi cha mjomba kimepungua. Mimi mwili ni mzima. Kazi ipo, chumba ni kile kile, na jirani wa juu bado anaburuta viti kila jioni kama mtu anayehama. Hayo ndiyo ya heri. Yaliyobaki nakuomba uyasome ukiwa umekaa.

Uliponitembelea uliniambia, kabla hata hujatua mkoba, kwamba meno yangu yameanza kurudi, na kwamba siwezi kukaa mbele ya wakwe, siku watakapokuja kutuona, na mdomo wa namna ile. Ukanituma kwa daktari yule yule aliyenifunga waya nikiwa sekondari. Nilikwenda, mama, kwa sababu sijawahi kujua namna ya kukukatalia.

Daktari alitoa kabatini umbo la plasta la meno yangu kabla ya waya, na jingine la siku aliyonifungua, kisha akaniambia nifungue mdomo alinganishe. Akacheka, akasema meno yangu ni watoro, yamerudi kwao. Jino la chonge la kushoto limempanda mwenzake tena, na ya chini yanasukumana kama watu kwenye dirisha la tiketi. Nilimkumbusha alivyotusifia zile waya: hazihitaji vipira vya kuzishikilia, kila kibati kinachobandikwa jinoni kina kilango kinachojifunga chenyewe, meno yatatulia moja kwa moja. Hakuona haya. Alisema siku zile kila mtu alizisifia. Sasa anawaita wagonjwa wake wa zamani kuwakagua, wa vilango na wa vipira, na haoni tofauti. Waliobaki sawa ni wale wanaovaa kile kiplastiki cha usiku kinachoyazuia meno yasirudi. Jino, alisema, halijui lilishikwa na nini. Likiachiwa, linaanza safari.

Kiplastiki changu nilikivaa miaka yote niliyoishi kwako, maana ulikuwa ukinikagua kabla ya kuzima taa. Nilipohama nikakiacha. Sikukisahau. Nilitaka kuona sura yangu inavyokuwa mtu akiiacha ilivyo.

Unakumbuka nilivyokua. Nikicheka, ulinigusa bega: funga mdomo. Katika picha zote za shule nimebana midomo kama niliyenyweshwa dawa chungu. Mama mdogo aliwahi kuuliza kwa utani meno haya yametoka ukoo gani, maana kwetu wote meno yamepangwa kama kwa rula. Ukamwambia hayajatoka popote, nilinyonya kidole tu. Nikaamini. Nikakichukia kidole changu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Nilipokuwa nasubiri kuingia kwa daktari, karibu yangu alikaa mzee mmoja, fundi saa kama alivyojitambulisha, na binti yake wa shule aliyekuja kuanza waya. Msichana alikuwa akilia kimya kimya. Dada wa mapokezi akamtania kwamba anyamaze, mbona dada yake mkubwa amekuja kumshika mkono, huku akinionyesha mimi. Tukacheka sote. Mama, yule mzee alicheka bila kuziba mdomo. Jino lile lile la chonge, la kushoto, limempanda mwenzake. La msichana vivyo hivyo.

Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikakutaja, nikataja na mtaa wetu wa zamani. Kicheko kikamkauka. Alisema aliwahi kuwa na binti mchanga katika mtaa ule. Ulimfukuza, na aliporudi alikuta tumehama, hakuna jirani aliyejua tulikokwenda. Nilimwambia mimi niliambiwa baba alikufa kwa homa kabla sijaanza kutembea, na kwamba nimekua nikimwombea marehemu. Akasema, bila hasira, kwamba ndiyo kwanza anasikia kuwa alikufa.

Pengine alikukosea vibaya. Hakusema, nami sikumuuliza. Hilo ni lako kunieleza. Lakini si kidole, mama. Ulijua ni jino la nani ulilokuwa unalinyoosha kinywani mwangu, ukanisimamia nilinyooshe pamoja nawe.

Daktari amenipangia siku ya kunifunga tena. Sitakwenda. Kiplastiki changu nimekitia ndani ya bahasha hii ukihifadhi wewe. Mimi hakiniingii tena. Wakwe watanikuta hivi hivi. Na siku watakapokuja uongeze kiti kimoja upande wetu, kwa sababu fundi saa nimemwalika na amekubali.

Nisalimie mjomba, na mama mdogo umpe salamu za pekee. Mwambie nimepata jibu la utani wake. Ulinde goti lako, usipande ngazi ovyo.

Ni mimi,
binti yenu.