Shimo la Nguzo ya Pili

Kaka Masanja mpendwa,

Hili sijamwambia mtu, hata mama. Shimo la nguzo ya pili nililichimba mimi, na halikufika magotini.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu uende kwenye usaili wa jeshi. Ulirudi kutoka Mabatini na bomba chakavu la maji begani na nguzo mbili za mkaratusi. Bomba ukalizungushia tyubu ya baiskeli ili mikono isiteleze unapojivuta juu. Shimo la kwanza ukachimba mwenyewe, ukasimama ndani yake.

"Na lako lifike hapa, dogo. Magotini. Likiwa fupi nitakula mweleka."

Kwetu hapa mlimani huchimbi mbali bila kukutana na jiwe. Nililigonga kabla sijafika hata nusu. Ningesema, tungesogeza kidogo tu, basi. Lakini ulikuwa umeshawaambia rafiki zako, "Huyu ndiye fundi wangu, msimchezee," na mimi, unanijua, hata darasani jibu ninalo na mkono haunyanyuki. Nikaikata nguzo chini kwa msumeno ili bomba lisiinamie upande mmoja. Nikaziba shimo kwa zege, nikalisawazisha vizuri kama mtu anayejua.

"Umefika?"

"Nimefika."

Siku ya nne, ukiwa kidevu juu ya bomba, nguzo iling'oka. Ulidondokea mkono. Nilisikia kifundo kikivunjika, kaka, na bado nakisikia. Nguzo ikawa imelala pale, fupi kuliko mwenzake. Ukaitazama. Ukanitazama. Kisha ukiwa umeushika mkono wako kifuani, ukaisukuma kwa mguu hadi nyuma ya jiko, kwa sababu baba alikuwa anapandisha njia.

"Nani kachimba hivi?"

"Ni mimi, baba," ukajibu. "Nilikuwa na haraka."

"Kijana mzima, shimo tu linakushinda."

Usaili ukapita ukiwa na plasta. Ukavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kwenda kwa mjomba Sengerema, na mwaka wa pili sasa baba hajakupigia simu. Jumapili mama alimwambia, "Mpigie mwanao." Akajibu, "Akijifunza kumaliza kazi, atapiga mwenyewe." Nilikuwa nasonga ugali. Niliendelea kusonga.

Shuleni insha zangu za Kiingereza zinasifiwa, lakini hili nilijaribu kwa Kiingereza likawa kama limemtokea mtu mwingine. Kwa Kiswahili linaniuma, nikajua ndiyo lugha yake.

Nisamehe kwa mkono. Zaidi nisamehe kwa ule ukimya.

Tangu juzi kila anapopita mtu nafunika ukurasa huu kwa daftari. Sasa hivi nasikia kandambili za baba zinakuja mlangoni. Sifuniki. Nimeugeuza uelekee kiti chake. Baba husoma polepole, neno kwa neno, kwa kidole. Nitasimama hapa hapa mpaka amalize.

Ubaki salama, kaka.

Mdogo wako wa kike