Klipu Mbili Mfukoni

Kaka Gethin mpendwa,

Bibi anakusalimu huko Patagonia, na bado analalamika kwamba barua zako ni fupi.

Gari alilokuwa akiliunda Baba mwenyewe limekamilika. Jirani Ifan kaliita bafu lenye magurudumu. Baba akamjibu, "Cheka tu, mzee! Breki kafunga fundi wangu, huyu hapa." Nikainamisha kichwa, wakadhani naona haya kama kawaida.

Kaka, sikumaliza. Paipu ya breki inapita katikati ya gari, kando ya shafti inayozungusha magurudumu. Niliiacha inaning'inia, bado klipu mbili za kuishikilia, nikaenda shule. Niliporudi, Baba alikuwa ameshaifunika kwa bati na kupiga ribiti, huku anapiga mluzi. Hajapiga mluzi tangu Mama atutoke. Nikazitia klipu mfukoni. Hata mkaguzi wa magari hakuona kitu.

Shafti ikiisugua paipu, itatoboka, na breki hazitashika. Kesho anampeleka Bibi kanisani, kwenye ule mteremko wa machimbo. Nimejaribu kumwambia kwa Kiwelisi, nikajaribu kwa Kiingereza. Kwa lugha zote mbili nimeishia kumuuliza kama anataka chai.

Basi nimetia ufunguo wa gari ndani ya bahasha hii. Hakuna mwingine. Naikimbiza posta sasa hivi, kabla sijaghairi. Kesho atauliza ufunguo uko wapi, na hapo sitakuwa na pa kujificha.

Tafadhali usiurudishe mpaka Baba mwenyewe akuandikie kwamba nimesema.

Mdogo wako, ambaye klipu bado zimo mfukoni mwake,
Lleucu