Yule wa Njano, Mama na Sauti Yangu

Jumapili, alasiri. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ya kukatika na kurudi, na mtaa wetu hapa Mchafukoge umetulia kama vile haujawahi kuwa na duka hata moja. Na mimi nimetulia. Macho yamevimba, pua imeziba, lakini moyo umetulia.

Leo nimemwambia Mama.

Nianze mbali kidogo, maana hata humu daftarini sijawahi kuandika yote.

Nina miaka thelathini na moja. Nauza zipu, vifungo, uzi na lastiki kwenye kiduka chembamba Kariakoo, na mafundi cherehani wananiita Mama Zipu ingawa sina mtoto. Lakini kanisani kwetu nilijulikana kwa sauti. Niliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na kila wimbo ulipofika pale pa kupanda juu kabisa, mimi ndiye niliyesogea mbele hatua moja. Watu walifumba macho. Mama aliimba nafasi hiyohiyo kule Machame kabla hajaolewa na kuja Dar. Alinifundisha jikoni nikiwa na miaka saba, yeye anakoroga mtori wa ndizi, mimi nimekalia ndoo niliyoigeuza.

Miaka miwili na nusu iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo. Uvimbe ulitolewa, nikapona. Kabla ya upasuaji daktari alikuwa amenieleza vizuri tu kwamba mshipa wa sauti unapita jirani na pale, ni mwembamba, unaweza kuguswa. Nikasaini. Ukaguswa. Nilipozinduka nilikuwa naongea kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Miezi ya mazoezi ikanirudishia sauti ya kuongea, nzito kuliko mwanzo. Ile ya juu haikurudi. Siku ya kliniki ya mwisho daktari aliniambia bila kuzunguka: ya zamani usiisubiri.

Nikafika nyumbani. Mama yuko mlangoni ananingoja. Nikamwambia, "Wamesema itarudi taratibu."

Basi. Uongo mfupi tu, na Mama akaushika kwa mikono miwili. Tangu wiki ile anafunga kila Ijumaa, hali wala hanywi mpaka jioni, anaomba sauti ya mwanawe irudi. Ana miaka sitini na nne na ana presha. Na mimi kila Ijumaa jioni nilimkorogea uji, nikamwekea mezani, nikanyamaza.

Andika hivyohivyo, Haika. Ulinyamaza.

Kwaya niliacha. Nilisema biashara imebana.

Sasa Mwanaidi. Huyu ni jirani yangu wa duka, mtu wa Lindi, anauza mashuka na mapazia, na akicheka wewe uliye mwisho wa korido unageuka. Mwezi wa tano, siku ambayo wateja walikuwa hakuna kabisa, nilimkuta ameegemeza simu kwenye chupa ya chai anaangalia katuni za Kijapani. Anime, kama wanavyoziita wenyewe. Wasichana watano wenye macho kama sahani na nywele za rangi ya juisi, wanaimba huku wanaruka juu ya paa la duka kubwa. Nikacheka.

"Cheka tu," akasema. "Ukimaliza, fumba macho usikilize. Achana na nywele."

Nikafumba macho kumridhisha. Sikucheka tena.

Nataka niliandike hili vizuri, kwa sababu watu wakiniuliza kwa nini mtu mzima anaangalia vitu vile huwa nababaika. Hii anime ina jina refu la Kijapani linalotushinda, kwa hiyo mimi na Mwanaidi tunaiita tu Wale Watano. Inahusu wasichana wa mji mdogo wenye kiwanda cha karatasi. Duka la mji linakaribia kufungwa, wao wanaimba juu ya paa lake kila Jumamosi ili watu waje. Waimbaji wa namna hii huko kwao wanaitwa aidoli, na kila mmoja ana rangi yake, kama timu. Mashabiki wanawaita kwa rangi.

Kilichonishika ni kwamba wakiimba pamoja, wote watano, unamjua kila mmoja kwa sikio. Mtu aliyekulia kwenye kwaya anajua hilo lilivyo gumu. Kwaya nyingi, hata ile yangu, tunafundishwa kusaga sauti zetu mpaka ziwe unga mmoja. Hawa hawakusagwa. Wa bluu anaogopa watu, na wimbo wake wa peke yake unaanza na pumzi tu, pumzi mbili ndefu kabla ya neno lolote, na kwenye nyimbo za wote bado unazisikia zile pumzi upande wa kushoto. Wa zambarau ni binti wa muuza samaki. Wimbo wake unaanza na namna baba yake anavyonadi sokoni, na nilipousikia mara ya kwanza niliona soko la samaki la Feri asubuhi, mnada umechachamaa, maji ya barafu yanatiririka miguuni. Wa nyekundu ndiye kiongozi, anajua kila kitu, na mtunzi amemwandikia wimbo wa kasi kiasi kwamba mwishoni anaishiwa pumzi kweli. Hawakuurekebisha. Wamemwacha aishiwe.

Yaani muziki unakwambia mtu alivyo kabla hadithi haijakwambia. Na wahusika wenyewe si wazuri sana, hilo nalo nalipenda. Wana wivu. Wananuniana. Wa kijani aliwahi kudanganya anaumwa ili mwenzake asipate nafasi ya mbele, na ilichukua vipindi vitatu kusamehewa. Nimekaa kwenye kwaya miaka kumi na minne, nawajua hao watu wote kwa majina ya Kichaga.

Halafu wa njano.

Wa njano ndiye mwenye sauti ya juu kuliko wote. Kwenye kipindi cha kwanza wimbo wao mkuu unapanda, unapanda, yeye anaifikia noti ya mwisho, na hapo ndipo duka zima linatoka nje kuangalia. Katikati ya hadithi anaugua koo. Anapona. Sauti haiwi ileile.

Siku tuliyofika hapo nilimwambia Mwanaidi nina mteja, nikaenda kukaa nyuma ya maboksi ya uzi. Akanifuata. Alikaa tu juu ya boksi la pili, na mimi nikamwambia yote. Yeye ndiye mtu wa kwanza kujua. Aliposikia habari ya Ijumaa za Mama alishika kichwa.

"Haika, hili usilibebe mpaka uzee. Mama yako anashinda na njaa!"

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeshasema."

Alikasirika siku mbili nzima, ananisalimia kwa kichwa tu. Nilimwona mkorofi. Leo namwona tofauti.

Basi, leo. Tulitoka kanisani mapema, mvua ikamzuia Mama kwenda kwa mgonjwa aliyepanga kumtembelea. Akakaa sebuleni na ungo anachambua mchele. Mimi nilikuwa mezani na simu yangu, nakirudia kile kipindi cha wa njano. Nilijua Mama yuko nyuma yangu. Sidhani kama ilikuwa bahati mbaya.

Wamekaa juu ya paa, wote watano, na wa njano anasema kitu kwa sauti ndogo. Maandishi ya Kiingereza chini yalikuwa mafupi tu: siifikii tena, nisameheni.

"Amesema nini huyo wa njano?" Mama akauliza.

"Anasema haifikii tena ile noti ya juu."

"Maskini. Anaumwa?"

"Aliumwa. Alishapona."

"Basi itarudi."

Sikugeuka. Nilisema nikiangalia simu, kama vile bado natafsiri.

"Anasema haitarudi, Mama. Daktari alimwambia zamani. Ila mama yake hajui, anamwombea, na yeye anashindwa kumwambia."

Maneno hayo hayakuwepo pale kwenye simu. Mama Kiingereza hasomi, lakini mimi ananisoma. Mchele ukaacha kucheza kwenye ungo.

"Huyo binti, mama yake anafunga?"

Nikajibu, "Kila Ijumaa."

Mama akaweka ungo chini, akanyanyuka, akaenda jikoni. Nikasikia sufuria, halafu bomba, halafu sufuria tena. Kisha akaanza kusema bila kutokea.

"Miaka miwili, Haika! Miaka miwili naamka na kizunguzungu, wewe unaniangalia!"

"Niliogopa, Mama."

"Uliogopa nini? Nimewahi kukupiga kwa sababu ya ugonjwa?"

"Niliogopa utaumia. Ile sauti uliipenda kuliko kitu chochote nilicho nacho."

Akatokea mlangoni, mikono ina maji. Nilitegemea hasira. Alikuwa anatafuta maneno, na Mama si mtu wa kutafuta maneno.

"Yangu ilianza kuondoka nilipomzaa mdogo wako," akasema. "Nikafika pale pa juu siku moja, nikakuta hakuna kitu. Hakuna aliyefunga kwa ajili yangu, hata baba yako hakugundua. Nikasema sawa, Haika anayo. Ukisimama mbele pale nilikuwa naimba na wewe, hapa ndani." Akajigusa kifua. "Hizo Ijumaa nilikuwa najiombea na mimi. Usibebe peke yako."

Nikalia kama mtoto. Alilia na yeye, lakini kwa kifupi, halafu akajifuta na kanga na kuniambia hajamaliza kukasirika, ataendelea kesho. Akasema pia Ijumaa hii atakula, na daktari wa presha atafurahi kuliko wote.

Halafu akavuta kiti kando yangu.

"Mrudishe huyo binti. Nataka kuona alifanyaje."

Nikasogeza mpaka kwenye onyesho la mwisho. Ni wimbo uleule wa kipindi cha kwanza, wameshusha ufunguo wake kidogo, unaanzia chini. Unapanda, unapanda, na pale palipokuwa na noti ya juu ya wa njano hakuna anayeimba. Hata wa nyekundu, ambaye angeiweza na anapenda kuonekana. Wenzake wote wanne wananyamaza, ngoma inaendelea peke yake, na wewe unayesikiliza unaikumbuka ile noti mwenyewe. Kisha wa njano anaingia chini kabisa, kwa sauti nzito ambayo hajawahi kuitumia, na wenzake wanajipanga juu yake. Wimbo unakuwa mzito na mpana. Siwezi kusema ni mzuri kuliko ule wa kwanza. Ni mwingine.

Mama aliusikiliza kama anavyosikiliza kwaya ngeni kanisani, kichwa kimeinama upande.

"Mbona pale wamepaacha?"

"Hawakutaka kumjazia nafasi yake."

"Mwalimu wao ana akili," akasema.

Akachukua ungo wake, akachambua kidogo. Kisha bila kutangaza akaanza kuimba, wimbo mmoja wa zamani wa kwetu, polepole, sauti yake ya sasa yenye mikwaruzo. Mstari wa kwanza ukaisha. Akanitazama.

"Ingia. Ya pili."

Sauti ya pili sijawahi kuiimba maishani, naijua kwa kuisikia tu kwa walio nyuma yangu. Niliingia nikiwa nimechelewa. Ubeti wa pili tuligongana vibaya mpaka Mama akacheka, na mimi nikacheka, tukaanza upya. Ubeti wa tatu ulikaa. Nilisikia sauti yangu iko chini ya ile ya Mama, imeibeba, na kwa mara ya kwanza tangu upasuaji sikuitafuta ile nyingine.

Mwanaidi nimemtumia ujumbe. Amenijibu kwa kurekodi sauti, na nusu yake ni vigelegele. Nusu nyingine anasema sasa lazima Mama yangu aanze kipindi cha kwanza, asidandie katikati.

Nina watu wa kuwashukuru leo, na wengine siwajui. Kuna mtu huko Japani alikaa na karatasi zake akaamua kwamba msichana wa kuchora apoteze sauti na asirudishiwe kwa muujiza. Kuna dada fulani aliyemwigizia sauti, akakubali kukwaruza mbele ya kipaza sauti. Hawajui kama kuna mahali panaitwa Kariakoo. Hawatajua kamwe. Asanteni hivyohivyo. Na Mwanaidi, asante kwa kuninunia siku mbili.

Mama namshukuru kwa maneno mengi kuliko yanayoenea hapa, kwa hiyo sitajaribu.

Saa moja iliyopita nimemwandikia mwalimu wa kwaya. Nimemweleza ukweli wote, sauti ilivyo, inapofika na isipofika. Nilidhani atachukua siku kadhaa. Amejibu baada ya dakika nne: mazoezi ni Jumatano saa kumi na moja jioni, sauti ya pili wako wachache, niwahi.

Naogopa kukutana na macho ya watu. Naogopa nitasahau na kusogea mbele kwa mazoea. Lakini duka nitalifunga saa kumi, nitatembea kwa miguu, na nitamwomba mtu wa sauti ya pili anisogezee nafasi kwenye benchi.