Kitu Mama Alimuficha Munganga

Naviundu, Lubumbashi

Yaya Mbuyu, dada yangu mukubwa,

Usinikasirikie kwa kukawia hivi. Barua hii niliianza mara tatu. Kila mara mutoto analia, ao mama anaita. Baba namna gani kule Kabalo? Kikohozi yake ilipoa? Sisi tuko, lakini mama haiko muzuri.

Munganga wa hospitali alimupima, akakuta kansere kwenye kizazi. Akasema kama ingali pale tu, atapasua aitoshe inje. Akauliza kwa Kifaransa kama mama anakojoa muzuri. Mimi nilikuwa inje nanyonyesha. Bwana yangu ndiye alikuwa anageuza maneno. Yaya, unajua desturi yetu: mama hata chakula hakulangi mbele ya bukwe wake, bwana ya binti yake. Atamutajia mikojo namna gani? Akaangalia chini, akajibu, "Iko muzuri." Bwana yangu naye haya zikamushika, hakurudilia kuuliza.

Bakatupatia siku ya kupasua. Nikafurahi, nikafua nguo zake zote.

Ikibakia siku mbili, masere, sista anayechunga bagonjwa, akamupeleka choo. Akaona mikojo kidogo tu, na damu ndani. Akaniuliza, "We binti, hukujua?" Ningejua wapi?

Bakamutia dawa kwenye mushipa, bakapiga foto ya mafigo. Ya kuume iko sawa. Ya kushoto imevimba, mikojo haipite, njia yake imezibwa. Bakaangalia na ndani ya kibofu, na kamuti ka chuma kenye taa. Ugonjwa ilishatoka kwenye kizazi, imefika kule.

"Foto hii imemuokolea kisu ya bure," munganga akasema. "Ningepasua, ningemuumiza tu."

Sasa hakuna kupasua. Mashini ya kuchoma ugonjwa na miale hapa haiko. Bwana yangu anazunguka ndani ya lupango ya nyumba kama muntu aliyevunja chungu cha benyewe. Mimi najua kumuogesha na kumupikia buji. Zaidi ya hapo sijui.

Nilimuuliza, "Mama, hata mie hukuniambia?"

"Weye uko na mutoto kwenye titi. Ningemuambia Mbuyu."

Musalimie baba, hii umusomee polepole, akiisha kula. Musalimie shemeji wa kwenye gare ya treni, na shangazi mufuma mikeka. Mizizi yake ya dawa usilete, munganga amekataza.

Ninalomba vitu hivi: vitenge vya zamani vilaini, vya kumutandikia; mawese chupa moja; sabuni ya kufulia; na weye mwenyewe. Treni ikijaa, acha mawese, acha vitenge. Mama iko na maneno anakuwekea, na mie hataniambia.

Mudogo wako,
Ngoie