Karte ya Yaya Kavira

Bunia, Nyakasanza

Yaya Kavira,

Siye wote tuko wazima. Katoto kangu Orly kameanza kutembea, na upepo umebeba bati moja ya jikoni.

Juma lililopita watu wa serikali walikuja ku paroisse, pale kanisani, kutufasiria sheria mupya ya mambo ya simu, yenye wadepite wa bunge walipitisha kule Kinshasa. Walisema karte ya kitambulisho ya mutu ni ya mwenyewe, hata ndugu yake hawezi kuitumia bila ruhusa. Nilipiga mikono kuliko wote.

Yaya, ile foto ya karte yako ya kura, yenye ulinitumia nikuandikishie puce ya simu, sikuifuta. Watu waliokimbia vita ya Kpandroma wanafika ku meza yangu ya kuuza puce bila karte, maana ziliungua pamoja na nyumba. Wanataka puce wapate kutafuta watoto wao. Niliandikisha watu kumi na moja kwa jina yako. Kwa jina yangu niliogopa.

Polisi wa Butembo walipokuita juu ya numero ya jina yako yenye ilitishia mutu, uliniuliza kama najua kitu. Nilikujibu: "Ni mashini ilikosea." Na weye ukanishukuru.

Sasa foto nimeifuta. Usichome hii barua, uwapelekee polisi siku ya kwanza wakikuita tena. Ndani ya bahasha nimetia kopi ya karte yangu. Hiyo nakupa ruhusa ya kuitumia.

Mudogo wako,
Sandrine Kahindo